Paavo Nurmi, mutu aliyehesabu nguvu zake



Kila siku ya Yenga asubuhi tunaona vijana wetu wakikimbia pembeni ya barabara ya mine. Wanaondoka kama risasi. Mbele ya kufika kwenye daraja wamekwisha, wanatembea na mikono kiunoni, pumzi juu-juu. Sisi wakubwa tunacheka. Lakini siku moja tukajiuliza: na sisi, si njo vile tunafanya mu kazi, na hata mu mapigano yetu ya haki? Kwa hiyo leo tunaacha kidogo mambo ya paye na ya prime, tunawasimulia maisha ya mutu mmoja aliyekufa zamani, ambaye dunia yote ya michezo inamjua. Jina lake Paavo Nurmi, mwana wa Ufini.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 6, mwaka 1897, mu mji wa Turku. Wakati ule Ufini haikuwa inchi huru, ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Mwaka 1910 baba akakufa, na Paavo hajatimiza bado miaka 14. Mama akaenda kutafuta kazi ya kusafisha. Juu ya kupata feza kidogo, jamaa ile ikapangisha jikoni yao kwa watu wengine, wenyewe wakabaki wote mu chumba kimoja. Wale kati yetu waliokomalia mu nyumba za chumba kimoja hawahitaji maelezo mengi hapa.

Paavo alikuwa na akili mu masomo, lakini akaacha shule. Akakuwa mtumishi wa kutumwatumwa kwa mwenye kuoka mikate. Kazi yake ilikuwa kusukuma mukokoteni wenye kujaa mizigo, kupandisha milima ya ule mji. Nyuma, wakati alikuwa amekwisha kuwa mutu mkubwa, alikuwa anasema wazi kwamba ile mikokoteni njo ilimpa miguu na mugongo. Hakuna mwalimu wa michezo aliyemfundisha. Alifundishwa na mzigo.

Mwaka 1912 alikuwa na miaka 15. Mu Olimpiki ya Stockholm, Mfini mmoja jina lake Hannes Kolehmainen akashinda mbio ya metre 5.000 mbele ya Mfaransa Jean Bouin. Wawili wale waliwaacha wengine wote mbali, wakapigana mpaka kwenye kamba ya mwisho. Tofauti yao ilikuwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde: 14:36.6 kwa 14:36.7. Bouin, maskini, alikufa mu vita miaka miwili nyuma. Lakini ile habari ikafika Turku, na kijana wa mikate akaamua kwamba naye atakuwa mukimbiaji. Siku chache nyuma akapata viatu vyake vya kwanza vya mbio.

Mwaka 1919 akaitwa mu jeshi. Siku moja kukawa mashindano ya kutembea kilometre 20, kila askari na bunduki begani, mukaba wa risasi, na mufuko mugongoni wenye kilo 5 za mchanga. Wengine wakatembea. Nurmi akakimbia njia yote. Alifika mapema sana mpaka watu wakamzania amekata njia ya mkato.

Sasa tufike mu 1920. Vita kubwa ilikuwa imekwisha, Olimpiki ikafanywa Anvers, Ubelgiji, ule mji wa bandari ambako mukuba wa Katanga ulikuwa unashukishwa wakati wa Wabelgiji. Nurmi alikuwa na miaka 23. Mbio yake ya kwanza ilikuwa ya metre 5.000. Hapo akakutana na Mfaransa mmoja mwembamba, Joseph Guillemot. Huyu Guillemot alikuwa na mambo mawili ya ajabu. Moyo wake ulikuwa upande wa kuume, alizaliwa nao vile. Na mapafu yake yalikuwa yameunguzwa na gazi ya sumu mu vita. Sisi wenye kupumua vumbi kila siku, tukisikia vile kwamba mutu wa mapafu mabaya alisimama kwenye piste ya Olimpiki, tunanyamaza kidogo.

Nurmi alifanya kile vijana wetu wanafanya siku ya Yenga. Akashika mbele mapema, akakaza mwendo, akifikiri atawachosha wote. Wengine walichoka kweli. Guillemot hakuchoka. Alijificha nyuma ya mugongo wa Nurmi, akaacha yule mwenye mbele apasue upepo, afikiri mwendo, abebe hofu. Karibu na mwisho akafyatuka. Nurmi hakuwa na kitu cha kujibu. Guillemot akamuacha kwa sekunde zaidi ya 4, akachukua medali ya zahabu: 14:55.6, na Nurmi 15:00.0 kamili.

Siku tatu nyuma wakakutana tena, mu metre 10.000. Sasa angalieni vizuri, juu hapa njo mutu anaonyesha kama ana akili. Nurmi hakwenda mbele. Alimuacha Mwingereza James Wilson aongoze, yeye akabaki nyuma na kuhesabu. Alimfanyia Guillemot ile ile kazi Guillemot alikuwa amemfanyia. Kwenye kona ya mwisho kabisa akampita, akashinda kwa sekunde moja na kitu: 31:45.8 kwa 31:47.2. Wanasimulia kwamba saa ya ile mbio ilisogezwa mbele wakati Guillemot alikuwa amekwisha kula chakula chake, na mara alipopita kamba akatapika, matapishi yakamfika Nurmi. Ile ni habari ya kucheka. Lakini ile yenye kubaki ni hii: mu siku tatu, mutu aliyeshindwa alikuwa amekwisha kusoma somo lake.

Toka pale mpaka mwisho wa maisha yake, hakuna mutu wa inchi ingine aliyemshinda tena mu Olimpiki. Waliomshinda walikuwa Wafini wenzake tu.

Ni somo gani? Tulieleze polepole. Mukimbiaji wa mbio ndefu ni kama mutu mwenye paye ya mwezi. Feza ni ile ile, haitaongezeka. Ukikula nusu mu siku tano za kwanza, siku zenye kubaki utaenda kwa mwenye duka kuomba deni, na deni lina faida yake. Mwili uko vile vile. Ukikimbia kupita pumzi yako, misuli inafanya kazi bila hewa ya kutosha, inakopa. Ukikopa mapema, mwili utadai mapema, na utadai wakati mubaya: miguu inakuwa mizito kama ya mutu mwenye kutembea mu matope ya chini ya mine. Kwa hiyo mwendo wa sawasawa, toka mwanzo mpaka mwisho, njo wenye bei ndogo.

Lakini kuko na wale wa aina ya pili, wale wanaojua kufyatuka. Wao hawapendi kuongoza. Wanajificha, wanangoja, na mu metre mia mbili za mwisho wanatoa yote. Mutu wa mwendo wa sawasawa atafanya nini mbele yao? Nurmi alipata jibu. Mwendo wako uwe mugumu kidogo kupita ule wanaoweza kuuvumilia, lakini usipite ule unaouweza wewe. Hivyo wakati watafika kwenye mzunguko wa mwisho, mufuko wao wa kufyatuka umekwisha kutoboka. Na wewe uwe umebakiza kidogo, hata kama ni ya kutosha metre moja.

Juu ya kujua ule mwendo, akanunua kitu kimoja ambacho kilishangaza watu: kronometre. Alikimbia nayo mu mkono, mu mazoezi na mu mashindano. Kila mzunguko alitupa jicho, akajua kama amekopa ao kama amebakiza. Watu walimuona kama mashini. Hakucheka, hakuongea mingi na watu wa magazeti, hakuangalia wapinzani wake. Aliangalia saa.

Tena alijikosoa. Miaka ya kwanza alikuwa anafanya mazoezi mengi ya kutembea na ya kukimbia taratibu, na aliona kwamba yalimpa uvumilivu bila kumpa mbio. Akaongeza mazoezi ya mbio fupi za kasi. Wanasimulia kwamba Turku alikuwa anakimbia nyuma ya gari la moshi juu ya kurefusha hatua zake.

Matunda yakaonekana. Mwaka 1923, Stockholm, alikimbia maili moja kwa 4:10.4. Ile rekodi ilikaa miaka nane, mpaka Mfaransa Jules Ladoumègue alipoivunja mu 1931.

Mwaka 1924 Olimpiki ikaenda Paris. Wapanga ratiba wakaweka fainali ya metre 1.500 na fainali ya metre 5.000 siku moja, na katikati yao haifiki hata saa moja. Mutu wa kawaida angesema: nachagua moja. Nurmi akarudi kwao, akajaribu. Tarehe 19 mwezi wa 6, Helsinki, akakimbia 1.500 kwa 3:52.6, akapumzika kama saa moja, akakimbia 5.000 kwa 14:28.2. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia. Chukueni kalamu mugawanye: ile 5.000 ni kama sekunde 69 na nusu kwa kila metre 400, mara kumi na mbili na nusu, bila kusimama, na miguu tayari imetoka mu mbio ingine. Alikwenda Paris wakati alikuwa amekwisha kufanya hesabu nyumbani.

Tarehe 10 mwezi wa 7, kwenye stade ya Colombes, akaanza na 1.500. Akaondoka kwa nguvu, akawavunja wengine mapema, na mwishoni akalegeza kidogo, juu alikuwa anafikiri mbio yenye kufwata. Alishinda kwa 3:53.6. Hakuzunguka kusalimia watu. Akachukua nguo zake, akaenda kupumzika.

Mu 5.000, wapinzani walijua kwamba amechoka. Mfini mwenzake Ville Ritola, mutu aliyekuwa anaishi Marekani, na Edvin Wide wa Uswidi, wakaondoka na mwendo mkali sana juu ya kummaliza. Nurmi hakuwafwata mara moja. Aliangalia kronometre, ikamwambia kwamba wale wanakopa. Akashika mwendo wake. Polepole wakamrudilia. Kisha ikafika saa ambapo hesabu ilikuwa imekwisha na vita ikabaki ya watu tu, njo akatupa kronometre mu majani. Wide akachoka, akabaki nyuma. Wakabaki Wafini wawili. Kwenye mstari wa mwisho Ritola akafyatuka kwa upande wa inje. Nurmi akaongeza kidogo, kidogo tu, kiasi cha kumzuia asipite. Alishinda kwa 14:31.2, Ritola 14:31.4. Sehemu mbili za kumi za sekunde. Hakutoa hata hatua moja ya bure.

Siku mbili nyuma kukawa mbio ya mu pori, mu joto kali sana. Watu 38 waliondoka, 15 tu njo walifika. Wengine walianguka njiani, wengine walipoteza fahamu karibu na stade. Nurmi alishinda kwa zaidi ya dakika moja, akaonekana kama mutu aliyetoka matembezi. Kwa yote, Paris ilimpa medali tano za zahabu.

Hata hivyo alitoka Paris na hasira. Wakubwa wa michezo wa Ufini walikuwa wamemkataza kukimbia metre 10.000, wakampa nafasi Ritola, naye akashinda. Nurmi hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, na tarehe 31 mwezi wa 8, mu mji wa Kuopio, akakimbia ile 10.000 kwa 30:06.2, rekodi ya dunia iliyokaa karibu miaka 13. Sekunde 72 na kidogo kwa kila metre 400, mara 25. Ile ilikuwa barua yake kwa wakubwa.

Mwaka 1928, Amsterdam, alikuwa na miaka 31. Metre 10.000 akamshinda Ritola tena kwenye mstari wa mwisho. Lakini kile tunapenda kusimulia kwa watoto wetu ni kitu kingine. Mu mbio ya kuruka vizuizi ya metre 3.000, mu duru ya kwanza, Nurmi akaanguka kwenye maji, akaumia kiuno. Wengine wakaendelea. Mfaransa mmoja, Lucien Duquesne, akasimama, akamuinua. Kila mutu anajua kusimama mu mashindano ni kutupa nafasi yako. Nurmi, mutu asiyecheka, alilipa kwa njia aliyoijua. Akamuongoza Duquesne kwa mwendo wake, akampeleka metre kwa metre mpaka wakawapita wote waliokuwa wamewaacha. Kisha akamuonyesha apite mbele, ashinde. Duquesne akakataa kwa heshima. Hapo tunaona kwamba mwendo haukuwa silaha ya kushindia tu. Ulikuwa pia kamba ya kumvutia ndugu.

Na kile kiuno kilimgharimu. Mu 5.000 Ritola akamshinda, na mu fainali ya vizuizi akashindwa na Mfini mwingine, Toivo Loukola. Alirudi na zahabu moja na feza mbili. Ukijumlisha na za Anvers na Paris, zinakuwa zahabu 9 na feza 3.

Kisha yakaja mambo ya makuta, na hapa sisi watu wa sindika tunafungua masikio. Wakati ule ilikuwa marufuku mukimbiaji kulipwa. Alitakiwa kukimbia juu ya heshima tu. Nurmi alijaza stade za Ulaya. Mu 1925 alizunguka Marekani, akakimbia mashindano 55 mu miezi michache, akashindwa mara moja na kuachia njiani mara moja. Wenye kuuza tiketi walipata feza. Mwaka 1932 alitaka kumaliza kazi yake na marathoni ya Los Angeles. Alikwenda mpaka kule. Siku chache mbele ya michezo kufunguliwa, chama cha dunia cha mbio kikamfungia mulango: alishitakiwa kwamba alipokea feza kupita ile ya safari. Hatusemi kwamba hakupokea kitu. Tunauliza tu: nani alitoka jasho, na nani alikaa kwenye meza ya kuhesabu? Mwaka ule ule, Ladoumègue wa Ufaransa naye alikuwa amefungiwa kwa sababu ile ile. Nurmi akarudi nyumbani, na mu 1933, na miaka 36, akawa bingwa wa Ufini mu metre 1.500. Kisha akaacha.

Hakufa maskini. Akili ile ile ya kronometre akaipeleka mu biashara, akajenga nyumba za kupangisha Helsinki, akatajirika. Mwaka 1952 Olimpiki ikafika kwao. Watu mu stade hawakujua ni nani ataingia na moto. Mara wakaona mzee wa miaka 55, kifua mbele, hatua ndefu. Walimtambua kwa mwendo mbele ya kuona uso. Wakimbiaji wa inchi zote wakavunja mistari juu ya kumuona karibu. Mu michezo ile ile Emil Zátopek akashinda 5.000, 10.000 na marathoni. Mzee alikuwa amepokeza kijiti.

Miaka ya mwisho moyo wake ulikuwa mgonjwa. Mu 1968 aliweka feza yake mu mfuko wa kusaidia utafiti wa magonjwa ya moyo. Alikufa tarehe 2 mwezi wa 10, mwaka 1973, na inchi yake ikamzika kwa heshima ya taifa.

Ndugu wachimbaji, juu ya nini tumewaletea haya? Miaka mingi iliyopita, mu kampuni moja ambayo hatutaitaja, tulisimamisha kazi. Siku tatu za kwanza tulikuwa moto. Tuliimba usiku na mchana, tulitumia feza yote ya mfuko wetu kwa chakula na magari, tulitoa madai yote kwa mara moja. Wakubwa hawakujibu. Walikaa nyuma ya mugongo wetu sawa Guillemot, wakangoja. Siku ya saba watoto walikuwa na njaa, siku ya tisa ekipe ya kwanza ikarudi kazini, na sisi hatukuwa na kitu cha kujibu. Wenzetu wawili waliachishwa, na mpaka leo tukikutana na mama wa nyumba zao tunainamisha macho.

Hatukukosa ushujaa. Tulikosa kronometre. Mutu anaweza kuwa na haki, akawa na nguvu, na bado akashindwa juu alikopa mapema. Kufyatuka kwa mwisho hakutoki mbinguni: ni kile ulichokibakiza wakati hakuna mutu alikuwa anakupigia mikono.

Na kijana mwenye kuingia ekipe ya usiku mara ya kwanza leo, tunamwambia kama baba kwa mwana: usishindane na mashini mu saa mbili za kwanza. Ajali nyingi tulizoziona zilikuja mu saa za mwisho, wakati mikono imelegea. Angalia mwendo wako. Bakiza nguvu ya kupanda juu na ya kufika nyumbani. Na mwenzako akianguka kwenye maji, simama, umuinue.